Je, Jina Hununuliwa?





Ndugu msomaji, nataka leo tuzungumze juu ya biashara ya kupokea wageni na kusafirisha watu, na hasa juu ya jambo moja lililoingia katika biashara hiyo, nalo ni mtu kununua haki ya kutumia jina la mwingine. Nimeliahirisha jambo hili kwa muda mrefu, kwa sababu siwezi kulisema kwa haki bila ya kuitaja aibu yangu mwenyewe. Lakini mwalimu anayeficha kosa lake ili aheshimiwe huwa amewapunja wanafunzi wake, kwa hiyo nitaitaja.

Ilikuwa usiku wa mwezi wa Juni, mwaka 2023, hapa Nkunga. Kwetu Rungwe mwezi huo baridi ni kali, na ukungu hushuka kutoka mlimani hata usimwone mtu aliye upande wa pili wa njia. Nilikuwa nimetoka kusalisha Isha, nikamkuta mpwa wangu amekaa karibu na moto, na mapajani ana bahasha kubwa ya kaki. Alikuwa ametoka Mpanda, mkoani Katavi, safari ya zaidi ya siku moja kwa mabasi mawili.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba, mjomba. Kuna heri, lakini inataka idhini yako."

Huyu ni mtoto wa dada yangu. Alikwenda Mpanda kijana mtupu, akafanya biashara ya mpunga, kisha akajenga nyumba ya wageni yenye vyumba vinane. Sasa kampuni moja ya nje, yenye ofisi mjini, ilikuwa imemwambia kwamba itampa haki ya kutumia jina lake. Sharti ni aongeze vyumba vifike 20, apake rangi waitakayo wao, anunue vitanda na mashuka ya namna waitakayo wao, alipe kiingilio, na kila mwezi atoe fungu katika mapato yake. Mkataba ulikuwa wa miaka 10. Fedha za kiingilio na za ujenzi hakuwa nazo. Akataka tuuze shamba la chai na migomba alilotuachia marehemu baba yetu, ambalo ndani yake nina fungu langu na mama yake ana fungu lake.

Akasema, "Mjomba, jina hili linajulikana dunia nzima. Mgeni akiliona tu, amekwisha kuamini. Mimi nikisema Karibu Mpanda, nani ananijua?"

Msomaji, nilikunja zile karatasi nikamwambia tulale. Lakini mimi sikulala. Maneno yale, "mgeni akiliona jina amekwisha kuamini," niliwahi kuyasikia zamani, nami ndimi niliyeyaamini.

Kabla sijafika huko, ni wajibu tulifahamu jambo lenyewe. Watu wengi husikia neno franchaizi wakadhani ni ushirika wa mtaji. Sivyo. Mwenye jina haleti mtaji. Huleta jina, huleta kanuni za namna ya kutandika kitanda na kupokea simu, na huleta njia ya kuwapata wageni, kwa matangazo na kwa kitabu cha kuwekea nafasi ambacho siku hizi kimo katika kompyuta. Jengo ni lako, deni ni lako, na mishahara ni juu yako. Naye hulipwa sehemu ya mauzo yako yote, kabla hujatoa gharama hata ya sabuni. Kwa lugha ya vitabu vyetu vya fiqhi, hii ni karibu zaidi na ijara kuliko mudharaba. Katika mudharaba mwenye mali na mwenye kazi hugawana faida, na ikija hasara bila ya uzembe, humwangukia mwenye mali. Katika ijara kodi ni kodi, upate usipate. Basi mtu akikwambia "wewe ni mshirika wetu," tazama mkataba. Kama hagawani nawe hasara, wewe si mshirika wake, wewe ni mpangaji wake.

Biashara hii ilikuja kushamiri Marekani. Mwaka 1951 mtu mmoja wa mji wa Memphis, jina lake Kemmons Wilson, alisafiri kwa gari na mkewe na watoto wao, akaudhika kwa kutozwa fedha zaidi kwa kila mtoto katika nyumba za kulala. Mwaka uliofuata, 1952, akafungua yake akaiita Holiday Inn, kisha akawauzia wengine haki ya kulitumia jina hilo. Wazo lake lilikuwa jepesi: msafiri aliyelala vizuri jana katika mji mmoja, leo katika mji asioujua alione jina lile lile, aingie bila ya hofu.

Na usidhani kwamba jambo hili hufaa miji mikubwa peke yake. Mwaka 1974, katika mji mdogo wa Aberdeen, jimbo la South Dakota, ilifunguliwa nyumba ya kwanza iliyoitwa Super 8, kwa sababu chumba kiliuzwa dola 8 na senti 88. Jimbo hilo ni pana, karibu kilomita za mraba 200,000, na hata katika hesabu ya mwaka 2020 watu wake hawakufika milioni moja. Na bado jina lile lilienea. Ndugu zetu wa Afrika Mashariki nao wamo katika habari hii. Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, kwa muda wa siku 90, baadhi yao walifika Marekani mikono mitupu. Wapo waliofuata njia ya Wagujarati waliowatangulia, wakanunua vijihoteli vya kando ya barabara. Baba akakaa mapokezi, mama akafua mashuka, watoto wakafagia baada ya shule, nao wote wakalala chumba cha nyuma. Hata mwaka 1989 wenye hoteli wa asili ya Kihindi walikuwa wengi kiasi cha kuunda chama chao. Basi mpwa wangu hakuwa akiota ndoto ya mwendawazimu. Wapo waliotoka katika dhiki kwa njia hii.

Je, sharia yasemaje? Zamani wanazuoni walijiuliza kama jina, ambalo halishikiki wala halipimwi kwa pishi, linaweza kuuzwa. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jeddah lilikutana Kuwait mwezi wa Desemba 1988, likakata shauri kwamba jina la biashara, alama yake, na haki za mwandishi na za mvumbuzi ni haki za wenyewe, zimekuwa na thamani ya mali katika ada za zama hizi, haifai kuzidhulumu, na yafaa kuzitoa kwa malipo. Lakini wakaweka sharti: pasiwe na gharar, wala hadaa, wala udanganyifu. Mpwa wangu alipoliuliza hilo asubuhi, nilimjibu waziwazi kwamba kununua jina si haramu. Nikamwuliza kama mkataba ule unamlazimisha kuweka baa. Akasema haulazimishi. Nikamwambia, "Basi mlango huo tumepita. Sasa tusimame katika lile sharti." Nami ndipo nikamsimulia yaliyonipata.

Mwaka 2011 walikuja kwangu watu wawili kutoka mjini, wamevaa kanzu nyeupe na wana maneno mazuri. Walikuwa na kampuni ya kupeleka mahujaji. Wakasema kwamba Waislamu wa Rungwe ni wachache na wametawanyika, na ni kweli, maana wilaya hii wamisionari walianza kuihubiri tangu mwaka 1891 na wengi wa jirani zetu ni Wakristo. Wakasema hawawezi kufungua ofisi mahali penye wateja wachache, ila wangependa mtu mwaminifu achukue jina lao. Nitoe shilingi 500,000 za dhamana, wanipe kibao, vitabu vya stakabadhi na haki ya kuandikisha watu wa wilaya nzima, na kwa kila hujaji nipate fungu langu. Nilisoma ule mkataba? Niliusoma ukurasa wa kwanza. Niliona jina limeandikwa kwa rangi ya kijani na picha ya Al-Kaaba, moyo wangu ukalainika.

Nikakitundika kibao mbele ya madrasa. Watu saba wakajiandikisha. Mmoja wao alikuwa bibi mjane, aliyeuza ng'ombe wawili na akiba ya ndizi za miaka mingi. Alizileta fedha katika kitambaa kilichofungwa mafundo matatu, akakaa chini akayafungua moja moja mbele yangu. Nikamwandikia stakabadhi yenye jina la kampuni. Hakuitazama. Aliikunja akaitia katika kitambaa kile kile.

Tarehe ya safari ikasogezwa mara moja, kisha mara ya pili. Baadaye simu ikawa inaita haipokewi, kisha ikawa haiiti. Nilipanda basi kwenda mjini, nikakuta ofisi imefungwa na mwenye jengo naye anawatafuta kwa kodi yake. Dhulhija ikaingia, na watu wangu saba wako Rungwe wanasikiliza takbira redioni.

Nilimwendea kila mmoja nyumbani kwake. Nilikuwa nimejitayarishia hoja: kwamba mimi nilikuwa mwakilishi tu, kwamba stakabadhi ni za kampuni, kwamba mimi pia nimeibiwa shilingi 500,000 zangu. Wengine walinipokea kwa ukali, wengine kwa upole. Yule bibi alinikaribisha, akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi hilo jina la kampuni hata kulisoma siwezi. Nilikupa wewe."

Sikuwa na jibu, ndugu msomaji, na mpaka leo sina.

Niliuza ng'ombe wangu, nikatoa fedha za majani ya chai kila msimu, wanangu wakanisaidia, nikalipa kidogo kidogo kwa miaka minne. Mwaka 2015 nilimlipa mtu wa mwisho. Lakini yule bibi alifariki mwaka mmoja kabla, akiwa amepata nusu. Nusu ya pili niliwakabidhi warithi wake. Deni la fedha lilikwisha. Lakini alikufa hajaiona Al-Kaaba, na deni hilo sijui mizani yake itakuwaje siku ya hesabu. Namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe na amlipe yeye kwa nia yake.

Jambo nililojifunza ni hili. Mimi nilidhani kwamba nimenunua jina la kampuni. Kwa hakika kampuni ndiyo iliyonunua jina langu, tena haikulipa kitu, bali nililipa mimi. Jina lao hapa Rungwe halikuwa na thamani hata ya senti moja, maana hakuna aliyelijua. Kilichowaleta wale watu saba ni miaka yangu ya kufundisha watoto wao, kuwazika wazee wao, na kufungisha ndoa zao. Hiyo ndiyo iliyokuwa mtaji, nami niliwapa wageni wawili kwa kibao cha bati.

Mpwa wangu alinyamaza, kisha akasema kwa adabu, "Mjomba, pole sana. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hawa wangu si matapeli."

Alisema kweli. Sina haki ya kuwahukumu wote kwa kosa la wawili. Wapo wenye majina wanaotimiza ahadi zao zote, na kampuni ile iliyomjia yeye sikuona dalili kwamba ni ya wezi. Kwa hiyo nilimwambia tuyaache ya nyoka, tuitazame biashara yenyewe. Nikamwuliza swali moja: jina humfaa mgeni yupi?

Katika mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Mogadishu, kabla ya kuteremka Mombasa na Kilwa. Anasimulia kwamba jahazi ikitia nanga, vijana wa mji hutoka kwa mashua ndogo, kila mmoja ana sahani ya chakula iliyofunikwa, humpa mfanyabiashara mmojawapo na kusema kwamba huyu ni mgeni wangu. Basi mgeni hufikia kwa huyo mwenyeji wake, na mwenyeji humwuzia bidhaa na kumnunulia. Lakini anaongeza jambo lenye mafunzo: yule aliyekwisha kuja mara nyingi na kuwajua watu wa mji, yeye hufikia apendapo. Unaona? Asiyejua mji huhitaji alama ya kumwongoza, na mwenye kuujua humfuata mtu anayemjua.

Ndivyo ilivyo mpaka leo. Jina la kununuliwa lina nguvu kwa mpita njia ambaye jana alilala chini ya jina hilo hilo mahali pengine. Kule South Dakota barabara kuu zimejaa wapita njia wa namna hiyo, wenye magari yao, na jina walilolala chini yake jana watalikuta tena kesho katika mji unaofuata. Hiyo ndiyo siri ya kufaulu kwao katika jimbo lenye watu wachache: wageni wao hawakuwa watu wa jimbo lile. Basi mwenye kutaka kununua jina katika nchi yenye watu wachache asianze kwa kuuliza ukubwa wa jina. Aanze kwa kuuliza nani hupita mlangoni pake, anatoka wapi, na jana alilala wapi.

Tukatazama Katavi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu huko watu 1,152,958 katika kilomita za mraba zipatazo 45,000, yaani watu kama 25 katika kila kilomita, na wastani wa nchi nzima ni karibu 70. Hifadhi ya Taifa ya Katavi ipo tangu mwaka 1974, ina viboko na nyati wengi ajabu, lakini ni miongoni mwa hifadhi zinazotembelewa na watalii wachache. Nao wengi wao huja kwa ndege ndogo, hushukia humo humo hifadhini, hulala katika kambi za huko, na masika yakija baadhi ya kambi hufungwa. Hao hawalali Mpanda mjini. Wanaolala Mpanda ni dereva, mwalimu anayehamishwa, mnunuzi wa mpunga, mchimbaji, na mtu aliyekuja kuuguza jamaa yake. Je, hao wanalijua jina lile la nje?

Kisha tukapiga hesabu. Chumba shilingi 30,000. Vyumba 20 vikijaa nusu, kwa siku 30 ni shilingi 9,000,000. Mkataba wake ulitaka 5 kwa mia kwa ajili ya jina na 3 kwa mia kwa ajili ya matangazo, jumla shilingi 720,000 kila mwezi. Hapo biashara inapumua. Lakini vikijaa vyumba vitatu tu, mapato ni 2,700,000. Nane kwa mia ya hizo ni 216,000. Mpwa wangu akafurahi, "Unaona, mjomba? Mapato yakishuka nao wanapata kidogo." Nikamwambia afungue ukurasa wa 14. Palikuwa na sharti kwamba malipo ya mwezi hayatapungua shilingi 500,000 kwa hali yoyote. Mishahara, umeme, maji na sabuni yeye mwenyewe aliikadiria 2,500,000. Basi katika mwezi mbaya hubaki 200,000, naye anadaiwa 500,000. Atakwenda kuzitafuta wapi 300,000 zilizopungua? Na akitaka kutoka kabla ya miaka 10 kwisha, alitakiwa alipe fidia ambayo kipimo chake kilielezwa kwa maneno mazito yasiyo na tarakimu. Hapo ndipo penye gharar niliyoisema. Jina si haramu, ila kutojua utalipa nini siku ya kutoka ni giza, na Mtume (s.a.w.) ametukataza biashara ya giza.

Jingine la kuzingatia ni kwamba jina la kukodi huondoka. Nairobi palikuwa na hoteli ya mnara wa mviringo, iliyofunguliwa mwaka 1969 kwa jina la Hilton. Mwisho wa mwaka 2022 jina likaondoka, mnara ukabaki umesimama. Dar es Salaam ilijengwa Hoteli ya Kilimanjaro, ikafunguliwa mwaka 1965. Baadaye ikavikwa jina la Kempinski, na baada ya hapo jina la Hyatt. Lakini mwambie dereva wa teksi mtu mzima akupeleke Kilimanjaro, atakupeleka hapo hapo bila kuuliza. Majina ya wageni yalipita, jina la kwanza likakaa katika vinywa vya watu. Wenye hoteli kubwa wana nguvu ya kubadilisha majina kama kanzu. Mtu mwenye vyumba 20 aliyeuza shamba la urithi hana kanzu ya pili.

Sikumkataza. Wazee wanaokataza kila kitu huwafundisha vijana kuficha. Nilimpa mambo matatu ayafanye kabla mimi na mama yake hatujatia saini. La kwanza, akalale kama mgeni wa kawaida katika nyumba mbili zilizokwisha kulichukua jina lile, azungumze na wenyewe usiku kazi ikiisha, maana mchana watamsifia. La pili, aupeleke mkataba kwa mwanasheria wake mwenyewe, si wa kampuni, amwulize maswali mawili: mgeni aliyelipa kule mjini akikosa chumba kwangu, fedha zake atarudishiwa na nani? Na nikitaka kutoka, nitalipa kiasi gani kwa tarakimu? La tatu, anunue daftari, na kwa miezi mitatu amwulize kila mgeni anayelala kwake jambo moja tu: nani amekuelekeza hapa? Wahenga wamesema mali bila ya daftari huisha bila ya habari.

Alirudi mwezi wa Oktoba. Daftari lilikuwa limechakaa kwa mafuta ya taa na vidole. Katika miezi ya Julai, Agosti na Septemba, ambayo ndiyo miezi ya kiangazi wageni wa hifadhi wanapokuja kwa wingi, walilala kwake wageni 143. Kati yao 118 waliletwa na mtu: kondakta wa basi, mwalimu mwenzao, jamaa, au mgeni aliyewahi kulala hapo. Waliokiona kibao wakaingia walikuwa 16. Waliobaki 9 hawakukumbuka. Na mbele ya majina kadhaa alikuwa ameandika maneno waliyosema wageni wenyewe. Nakumbuka moja: "Niliambiwa niulize kwa yule Mnyakyusa asiyefunga mlango basi likichelewa."

Nilimrudishia daftari nikamwambia, "Hilo ndilo jina lako. Umelijenga wewe, kwa usingizi wako."

Akatabasamu, lakini si kwa furaha kamili. Akaniambia kwamba mwenye nyumba mmoja aliyelala kwake, katika mji mkubwa ulio kando ya barabara kuu, amefaidika sana na jina lile, vyumba vyake havikai vitupu. Wa pili, katika mji mdogo, anahesabu miezi iliyobaki. Jina ni moja, mkataba ni mmoja, tofauti ni barabara. Nami nikamwambia kwamba ameieleza habari yote kwa ufupi kuliko mimi.

Shamba halikuuzwa. Mpwa wangu aliongeza vyumba viwili kwa fedha zake, na kibao chake bado kina jina lake. Kampuni ilimwambia kwamba akibadili nia mlango u wazi. Huenda siku moja, barabara za huko zikijaa wapita njia, atakuwa na haki ya kunilaumu kwamba nilimchelewesha. Nimemwambia anilaumu nikiwa hai, nimsikie.

Sasa, ndugu msomaji, nakurudia wewe. Dini yetu imeitukuza kazi ya kupokea wageni. Nabii Ibrahimu (a.s.) aliwaletea ndama wa kuchoma wageni asiowajua hata majina. Mtume wetu (s.a.w.) amefungamanisha kumwamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho pamoja na kumkirimu mgeni. Na kabla ya kupewa utume, Bibi Khadija (r.a.) alimkabidhi mali yake aende nayo Sham, kwa sababu watu wa Makka walikuwa wakimwita Mwaminifu. Jina hilo hakulinunua wala hakulikodi kwa mtu. Watu walimpa baada ya kumjaribu miaka mingi.

Basi ukitaka kununua jina la biashara, nunua kwa macho yaliyofunguka, ujue linamfaa mgeni gani, ujue gharama ya kuingia na ya kutoka. Na ukiwa ni mwalimu, au imamu, au mzee ambaye watu humwamini kijijini, akaja mtu kukupa kibao cha kutundika mlangoni pako, msomee kwanza kila ukurasa, kisha jiulize: siku ile jina lao likianguka, uko tayari kulipa wewe? Kama huko tayari, mrudishie kibao chake kwa wema. Kwani watu watakaokuletea fedha zao katika kitambaa chenye mafundo matatu hawatasoma kibao. Watakutazama usoni.